Mdhamini asiyenikumbuka: nimweke nani kwenye maombi ya kazi?

Mtunza Stoo wa Moro

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mtunza stoo. Nimefanya kazi miaka minne katika kiwanda kimoja mkoani Morogoro, na tangu mkataba wangu uishe nimekuwa nikituma maombi huku na kule. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, kama mnavyojua, humtaka mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika, na kampuni binafsi nazo hudai wawili au watatu. Niliwaweka diwani wa kata yetu, mhadhiri aliyenifundisha mwaka 2017, na mjomba wangu ambaye ni mkurugenzi mahali fulani. Usaili uliniendea vizuri, lakini wiki iliyopita nilidokezwa na mtu wa ofisi ile kwamba mhadhiri alipopigiwa simu alisema jina langu halikumbuki, naye mjomba akanisifu hadi akapitiliza, akidai nimesimamia watu hamsini, ilhali stoo nzima tulikuwa wanne. Kazi nimeikosa. Meneja wangu wa zamani tuliachana vibaya kwa sababu ya saa za ziada ambazo sikulipwa, kwa hiyo naogopa hata kumtaja. Je, waajiri huwaamini kweli hawa wadhamini, na mtu wa hali yangu amweke nani?

Afisa Utumishi Mstaafu

Pole sana, mwanangu. Nimekaa katika ofisi za utumishi miaka ishirini na miwili, na jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hatuwaamini sana. Watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walipojumlisha mwaka 1998 matokeo ya utafiti wa miaka 85, waliona kuwa maelezo ya wadhamini yalihusiana na utendaji wa mtu kazini kwa kiwango cha 0.26 tu, ambapo 1 ndiyo ingekuwa ubashiri kamili, wakati kumpa mwombaji sehemu ya kazi yenyewe aifanye mbele yako kulifikia 0.54. Haishangazi, kwa kuwa mwombaji ndiye anayejichagulia shahidi, na hakuna anayemleta shahidi wa kumuumbua.

Ndiyo maana sikuwa nasikiliza sifa. Nilikuwa nauliza jambo moja: "Nipe siku moja unayoikumbuka ukiwa kazini na huyu mtu." Kuna msimamizi wa zamu, mtu asiye na cheo cha kutisha, aliyenisimulia jinsi kijana mmoja alivyokataa kusaini hati ya kupokelea mali kwa sababu mifuko ya saruji ilipungua kumi na miwili, akamzuia dereva wa lori getini mpaka saa mbili usiku, mwenye mali alipokuja kuhesabu mwenyewe. Nilimwajiri kijana yule. Siku hiyohiyo nilikuwa nimezungumza na mkuu wa taasisi moja aliyenihakikishia kuwa mwombaji mwingine ni mchapakazi, mwadilifu na mcha Mungu, kisha akaniuliza, "Hivi ni yule mrefu, au yule mwenzake?" Mjomba wako, kwa heshima zote, alikuwa katika kundi hili la pili, na mjumbe wa jopo akishasikia mtu ana ukoo na mwombaji huweka kalamu chini.

Wakili wa Wafanyakazi

Niongezee kuhusu meneja. Kuna kitu kinachoitwa cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi pale ajira inapokoma, wawe wameachana kwa wema au kwa ugomvi. Kama hukupewa, kidai kwa maandishi. Cheti hicho hakikusifu, lakini meneja mwenye kinyongo hataweza kusema hukuwahi kufanya kazi kwake. Halafu neno lenyewe "mdhamini" linawatia watu hofu bila sababu: wazee wengi wakisikia kudhamini wanafikiria mahakama au mkopo, wanakataa kabla hujamaliza kueleza. Waambie mapema kwamba hawaweki dhamana ya shamba wala nyumba.

Mswahili wa Kisauni

Huku Kenya hali ni hiyohiyo. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamlazimu mwajiri kutoa cheti chenye tarehe za kuanza na kuacha kazi pamoja na aina ya kazi, ila hakimlazimu kuandika lolote kuhusu tabia yako. Lakini sikubaliani na wazo la kumkwepa meneja kabisa. Waajiri wengine hupiga simu kazini kwako kwa zamani hata kama hukuitaja namba hiyo, na mtu aliyepigiwa ghafla akiwa na hasira zake hana breki. Heri umtafute mwenyewe kwanza, mzungumze kuhusu kazi pekee, na deni la saa za ziada ulifuatilie mahali pake. Kisha jiulize ni nani mwingine aliyekuwa akiona leja zako: je, hapakuwa na mkaguzi aliyekuja kuhesabu stoo mwisho wa mwaka?

Mtunza Stoo wa Moro

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Mkaguzi yupo, alikuja miaka mitatu mfululizo, na sikuwahi hata kumfikiria. Nimempigia leo mchana. Mwanzoni hakunitambua, nikamkumbusha siku ile mvua ilipoingia stoo tukahamisha magunia ya sukari huku yeye amevua viatu akiendelea kuhesabu, akacheka sana. Amekubali, ila ametaka nimtumie kila tangazo ninaloomba na nakala ya wasifu wangu, ili akipigiwa asibabaike. Mjomba nimemtoa. Meneja nimemwandikia ujumbe tangu saa tisa. Ameusoma, bado hajajibu.