Mrejesho: Blogu ya ufugaji wa kuku kama njia ya kipato
Ndugu zangu, niliwauliza kama blogu ya Kiswahili kuhusu ufugaji wa kuku inaweza kumlisha mtu. Matangazo ya AdSense (huduma ya Google inayowalipa wenye blogu kwa kuonyesha matangazo) pekee hayatoshi: barua yenye namba ya uthibitisho hutumwa kwa posta salio likifika dola 10, na malipo hayatoki kabla ya dola 100, kiwango ambacho blogu changa hukisubiri kwa muda mrefu. Kilichoanza kuniingizia kipato ni makala ya ratiba ya chanjo, yaani chanjo ya kideri kifaranga akiwa na siku 7 na ya gumboro akiwa na siku 14 (yote ni magonjwa ya kuku), kwa kuwa wafugaji walioisoma walinipigia wakitaka vifaranga, nami huwatafutia kwa kamisheni. Mlionishauri nishikilie mada moja, nawashukuru kwa dhati. Kazi ya mshahara bado sijaiacha.