Uongozi unataka majina ya wanafunzi wanaokuja kwetu. Nijibu vipi?

mama_nasaha

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Mimi ni mkuu wa kitengo cha ushauri nasaha kwenye chuo kikuu kimoja cha umma huku Nyanda za Juu Kusini. Nina miezi saba katika nafasi hii. Kabla yake nilikuwa mshauri wa kawaida hapa hapa kwa miaka sita. Tuko wawili, mimi na kijana mmoja wa ajira mpya, na wanafunzi wamepita elfu tisa. Ofisi yetu ni vyumba viwili ghorofa ya kwanza ya jengo la utawala, jirani kabisa na ofisi ya nidhamu.

Wiki tatu zilizopita, usiku wa Jumamosi, mlezi wa bweni alinipigia simu saa saba. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuwa amejaribu kujiua, na wenzake wa chumbani walimwahi. Yuko hai. Yuko nyumbani kwao, na kila Jumatano naongea na mama yake. Usiku ule nilikaa naye zahanati ya chuo tukisubiri gari la wagonjwa, akaniambia kwa sauti ndogo sana: "Madam, nilishakuja kwako mara mbili. Niliishia kwenye ngazi."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Pale kwenye ngazi ndipo anapokaa mlinzi na daftari la wageni. Jina, namba ya usajili, unakwenda ofisi gani, shida yako nini. Nimepita pembeni ya daftari lile kila asubuhi kwa miaka sita bila kulisoma kwa macho ya mtoto wa miaka ishirini na moja mwenye shida.

Jumanne yake kikaitishwa kikao. Swali likawa moja: kwa nini kitengo hakikujua? Azimio likatoka kwamba kila mwisho wa mwezi niwasilishe orodha ya wanafunzi "wenye matatizo ya afya ya akili", pamoja na programu wanayosoma na bweni wanalolala. Barua imeshanifikia, nina siku kumi na nne za kujibu, tano zimekwisha.

Naomba nieleweke, hawa si watu wabaya. Mmoja wao alilia mle kikaoni, maana aliwahi kusindikiza jeneza la mwanafunzi hadi kijijini kwao, na hataki kulirudia jambo hilo. Mimi pia sitaki. Lakini najua orodha ile ikitoka mwezi wa kwanza, mwezi wa pili hakuna mtu atakayekuja. Tayari nawaona wakijaza ile dodoso ya PHQ-9 ya kupima dalili za sonona, yenye maswali tisa, wakiweka sifuri mstari mzima, hata kwenye swali la 9 linalouliza kuhusu mawazo ya kujidhuru, huku machozi yanawatoka. Juu ya karatasi tulikuwa tumeacha nafasi ya jina.

Nawaomba waliowahi kuongoza vitengo kama hiki mniambie. Nikatae vipi bila kuonekana mkaidi? Na niwape nini badala ya majina, maana hofu yao ni ya kweli?

mstaafu_kisauni

Marahaba, dadangu, na pole sana. Mimi nimeongoza kitengo kama chako miaka kumi na mmoja katika chuo kikuu kimoja huku kwetu Kenya, na barua kama hiyo niliwahi kuipokea.

Usianze kwa kukataa. Jibu lako lianze na kile utakachowapa, ukurasa mzima, na suala la majina uliweke mwisho kwa sentensi mbili. Mimi nilikuwa nikipeleka kila mwezi idadi ya waliokuja, wangapi wapya, wangapi wamerudi, na mambo yaliyowaleta: karo, mitihani, msiba, mapenzi, pombe, ugomvi wa nyumbani. Kundi lenye watu chini ya watano usiliandike peke yake. Kwenye idara ndogo ukisema "msichana mmoja wa mwaka wa nne, msiba", umeshamtaja jina. Baada ya miezi mitatu wakubwa wangu walianza kuingojea ripoti ile, kwa sababu iliwaonyesha kwamba wiki ambazo mkopo umechelewa ndizo wiki zetu za mlango kujaa. Hilo waliweza kulifanyia kazi, na majina yasingewasaidia kitu.

La pili ni mpaka wa siri. Siri yetu si ya kuzimu. Kikao cha kwanza kabisa, kabla hajafungua moyo, mwanafunzi anasomewa na kutia sahihi: nikiona uhai wako au wa mwingine uko hatarini, nitamwambia fulani, na nitakueleza kabla sijamwambia. Huyo fulani awe mmoja, mwenye cheo kilichoandikwa, isiwe kamati. Uongozi ukiona karatasi hiyo utajua kwamba la hatari halifichwi.

Na sasa mlango, hapo ndipo penye kiini. Sisi pia tulikuwa jengo la utawala. Tulihamia nyuma ya zahanati, mlango uleule wanaoingilia wenye malaria na wenye jino. Ukionekana pale hakuna ajuaye umefuata nini. Sijafanya jambo lolote katika kazi hii lililozaa matunda haraka kama lile, na halikugharimu hata kujenga ukuta.

Watu wawili kwa elfu tisa ni wachache mno. IACS, shirika la kimataifa linalothibitisha vituo vya ushauri vya vyuo, linapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 1,000 hadi 1,500. Liweke hilo kwenye barua yako, lakini usilifanye hoja kuu, watakwambia bajeti na mazungumzo yataishia hapo.

wakili_wa_songea

Kwa ufupi, Madam. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya chini ya sheria hiyo ni taarifa nyeti, na chuo kinabanwa nayo kama taasisi nyingine. Waombe ofisi ya sheria ya chuo watoe maoni kwa maandishi kabla siku zako hazijaisha. Hapo utakuwa umeuliza swali la kisheria, hujagoma.

Jambo lingine ambalo kikao huenda hakikulifikiria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Orodha yenye majina ya waliojaribu, ikizunguka kwenye mabahasha ya ofisi, inaweza siku moja kufika mahali ambapo hakuna aliyekusudia. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinakwenda kinyume na katiba. Sisi hatujafika huko.

mzazi_wa_watatu

Nasoma na roho inaniuma, kwa hiyo mnisamehe. Nina watoto wawili vyuoni. Mwanangu akiwa na mawazo ya namna hiyo, mnataka nijulishwe akishaletwa kwa gari la wagonjwa? Mimi ndiye niliyemzaa. Siri ya nani inazidi uhai wa mtoto?

mhitimu_kilimo

Mzazi wangu, shikamoo. Naomba nikujibu mimi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa namna hiyo, chuo kingine, si cha Madam.

Nilidisko mwaka wa pili, yaani niliondolewa masomoni kwa kufeli. Mitihani ya kurudia, sapu, ilikuwa mitatu, nikafaulu mmoja. Matokeo yalitoka kwenye mfumo Ijumaa usiku, barua ikafuata. Barua ile nilikuwa nayo miaka mingi. Ilikuwa na kifungu cha kanuni za mitihani, ilinitaka nirudishe funguo na vitabu vya maktaba, na haikuwa na namba ya simu ya mtu yeyote wa kuongea naye. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likakatika. Nilibebwa na rafiki kitanda kimoja kwa miezi minane. Mama alijua nasoma. Kila akipiga simu namwambia tuko kwenye majaribio, naye ananitumia elfu kumi aliyouza ndizi.

Siku moja nilikwenda ushauri nasaha. Mlinzi akaomba kitambulisho, akakiangalia, akasema hiki kimekwisha muda, wewe si mwanafunzi. Hakusema kwa ubaya. Nikageuka.

Mzazi wangu, ningejua mama ataambiwa, nisingekwenda hata siku ile moja. Sikumwogopa mama. Niliziogopa ndizi zake. Aliyenishika mkono ni mama lishe wa nje ya geti. Aliona nakula wali mtupu wiki nzima akaniuliza, "Wewe, unawaza kufa?" Aliniuliza hivyo hivyo waziwazi. Nikalia palepale kwenye benchi. Yeye ndiye aliyenisindikiza kumpigia mama, baada ya siku tatu, mimi mwenyewe nikiongea. Leo nina diploma na digrii ya chuo kingine, na mama anajua yote.

Madam, kwenye orodha yao mimi nisingekuwemo. Nilishafutwa. Naomba uwaambie waweke namba ya kitengo kwenye barua ya disko, na aliyedisko aruhusiwe kuja kwako hata miezi mitatu zaidi.

mama_nasaha

Nimesoma yote usiku wa jana, nikarudia. Mwanangu mhitimu, asante. Nimeisoma habari yako nikiwa nimesimama.

Mzazi mwenzangu, nami nina binti kidato cha sita, kwa hiyo swali lako si la mtu wa mbali. Nikiona hatari, mzazi anajulishwa, na mara nyingi mwanafunzi mwenyewe ndiye anayepiga simu nikiwa nimekaa pembeni yake. Ninachokikataa ni orodha ya kila aliyekuja kwa sababu hapati usingizi wiki ya mitihani.

Swali la yule mama lishe lina uzito. Watu wengi, hata walimu, wanadhani ukimuuliza mtu waziwazi kama anawaza kufa utampandikizia wazo. Humpandikizii. Unampa mahali pa kulitua. Kule Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi kumi na wanne wa mtaani, akawafundisha kusikiliza wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya kliniki, na kazi ile imekuwa kubwa hadi leo. Kwa hiyo Jumamosi ijayo nakaa na walezi wa mabweni wote na kina mama lishe watano wa getini. Hatutawafanya wawe wataalamu. Nataka waweze kuuliza swali hilo, na wajue namba ya kupiga.

mama_nasaha (baada ya wiki mbili)

Nimewaahidi wengine kwenye ujumbe nitarudi. Barua niliipeleka kwa mkono wangu, saa moja na nusu asubuhi, kabla simu hazijaanza. Nilifuata ushauri wa mzee wa Kisauni: kurasa mbili za ninachowapa, sentensi mbili za nisichoweza. Maoni ya ofisi ya sheria niliyaambatisha. Mkubwa yule aliyelia kikaoni alisoma hadi mwisho, akaniuliza, "Na likitokea tena?" Nikamwambia nitakuwa wa kwanza kukupigia, kwa karatasi ambayo mwanafunzi ameitia sahihi, na hutasikia kwa mlinzi.

Majina yamesimamishwa kwa muhula mmoja, kisha tutapima. Chumba cha zahanati tumepewa, kile kilichokuwa stoo ya vyandarua. Daftari la wageni kwa upande wetu limeondolewa. Namba ya simu kwenye barua ya disko imekubaliwa, na ndiyo itakayotumika matokeo yajayo. Miezi mitatu kwa waliodisko bado. Wanasema bima, wanasema kanuni. Nimeomba kikao kingine na nitaendelea kukiomba.

Yule mwanafunzi, Jumatano hii mama yake alimpa simu bila mimi kuuliza. Tuliongea dakika nne, karibu zote kuhusu mahindi yao kwamba yamechelewa mvua. Kabla hajakata aliniuliza ofisi imehamia wapi. Nikamwelekeza: ukiingia zahanati, pita dirisha la dawa, mlango wenye pazia la kijani.