Kufuatilia mashine pepe za Proxmox bila kulipia: tuanzie wapi?

fundi_malindi
Asalaam aleikum wanajukwaa. Kuna seva moja ya Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe) hapa Malindi, memori GB 64, mashine pepe sita: mbili Windows, nne Debian. Diski ikijaa, wa kwanza kujua ni watu wa mapokezi. Natafuta programu ya bure, arifa zije Telegram. Zabbix au Prometheus? Na niiweke wapi?

shela_mtandao
Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa seva moja chukua Zabbix. Prometheus ni nzuri, ila Grafana (ya michoro) na Alertmanager (ya arifa) utaziunganisha mwenyewe, na kwa mashine sita naona ni kujichosha. Usiiweke ndani ya seva hiyo hiyo: ikizima, mlinzi kazima nayo. Kompyuta kuukuu ya GB 4 yatosha.

Kwenye Zabbix tumia templeti ya "Proxmox VE by HTTP", poti 8006. Kwenye Proxmox fungua mtumiaji, mpe PVEAuditor (ruhusa ya kutazama tu) kwenye njia ya "/", kisha mtolee tokeni, yaani ufunguo wa Zabbix kuingilia. Wengi hukwama hapa: "Privilege Separation" (kutenga ruhusa za tokeni na za mtumiaji) ikiwa imewashwa, tokeni haina ruhusa hata moja mpaka nayo uipe PVEAuditor yake. Bila hivyo itakubaliwa kuingia, lakini mashine hutaziona.

Templeti hiyo hutazama kwa nje tu. Haijui C ya Windows imejaa kiasi gani. Weka ajenti (programu ndogo ya Zabbix) ndani ya kila mashine, kwa mtindo wa "active", iitafute Zabbix yenyewe kwenye poti 10051.

kamba_na_diski
Sawa kabisa, lakini kinachoangusha seva hizi mara nyingi ni local-lvm, bwawa la nafasi ambamo Proxmox huweka diski za mashine. Diski za mashine huahidiwa nafasi kuliko iliyopo, na bwawa likijaa mashine husimama kwa io-error (hitilafu ya kuandika diski). Endesha `lvs pve/data`, tazama Data% (nafasi ya data iliyotumika) na Meta% (ya kumbukumbu za bwawa lenyewe). Arifa ya kwanza weka kwenye 80, ya pili 90. Meta% husahaulika, nayo ikijaa ukarabati wake ni mgumu zaidi. `lvs` hutaka root, kwa hivyo ajenti wa Zabbix utakayemweka kwenye Proxmox yenyewe mpe sudo kwa amri hiyo moja tu.

Kufuta mafaili ndani ya mashine hakurudishi nafasi mpaka uwashe Discard (kuliarifu bwawa nafasi iliyoachwa) kwenye diski yake, kisha kwenye Debian uendeshe `fstrim -av`. Snapshoti (nakala za hali ya mashine) za kale nazo hula bwawa kimyakimya.

Mashine zikiwa nzito bila sababu, `vmstat 1` ndani ya Debian: safu ya st (asilimia ya muda mashine inaosubiri prosesa) ikikaa juu ya 10, umegawa prosesa kupita kiasi. Punguza, usiongeze.

fundi_malindi
Shukran. Na stima ikipotea pamoja na ruta?

shela_mtandao
Hapo hakuna kilicho ndani kitakachoweza kutuma. Weka Uptime Kuma (programu ya kuangalia kama kitu kiko hai) kwenye seva ndogo ya kukodi nje, aina ya "Push", inayokupa anwani ya kugongewa. Kompyuta ya Zabbix iigongee anwani hiyo kwa curl kila sekunde 60. Ikinyamaza, Kuma ndiyo ipige Telegram. Muda wa kusubiri weka sekunde 90, maana ukiweka 60 kamili utasumbuliwa na arifa za uongo. Njia hii haihitaji IP ya umma, ambayo laini nyingi za simu hazina.

UPS (betri ya akiba) yenye USB iunganishe na NUT, programu ya kuisoma, kwenye Proxmox, ili seva ijizime kabla betri haijaisha. Hakikisha Windows zina QEMU guest agent (programu ya kupokea amri za Proxmox), la sivyo huenda zisiitikie amri ya kuzima, na betri itaisha zikingojwa.

kamba_na_diski
Ongeza na joto: `sensors` kwa seva, pamoja na `smartctl -a` kwa kila diski. Kwa hewa yetu ya chumvi feni hukwama mapema, na kaskazi haina huruma.