Mrejesho: Baba aliyekuwa hatoki chumbani

Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita niliwaomba ushauri kuhusu baba, miaka 74, anayeshinda kitandani, haongei, usiku halali. Mlinijibu kwa moyo, nashukuru sana.

Kilichosaidia zaidi sikukitegemea: masikio. Mmoja wenu alisema akapimwe usikivu kwanza, maana mzee asiyesikia vizuri hujitenga na watu, na kutosikia huko huongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni. Kumbe kweli. Siku alipovaa kifaa cha kusaidia kusikia alikaa kimya, kisha akauliza, "Hiyo saa ya ukutani huwa inalia hivyo?" Nilitoka nje nikalia.

Asubuhi tunatembea nusu saa, siku 5 kwa wiki; zinatimia zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa uchache. Usingizi wa mchana tumeupunguza. Jioni anamfundisha mjukuu hesabu, na hapo siwaingilii kabisa.

Bado kuna siku anazama kimya, hasa ikikaribia tarehe aliyofariki mama. Nakaa naye tu. Daktari kasema ikipita wiki 2 mfululizo tumrudishe, kwani huzuni ya namna hiyo inatibika, si uzee.