Nimechoka kuigiza bibi anayeongea kama ripoti ya warsha

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Sijafungua uzi siku nyingi, ila leo nimefika shingoni. Najua humu wamo waandishi, na baadhi yao ndio hao hao wanaotuletea miswada studio, kwa hiyo ujumbe utafika.

Mimi ni mwigizaji wa michezo ya redio, mwaka huu ni wa kumi na moja. Sura yangu hamuijui, kazi yangu yote iko kooni. Nimekuwa mama wa kambo, nimekuwa muuguzi, mwizi wa kuku, mtoto wa darasa la pili. Miaka mitatu sasa napewa mabibi, ingawa arobaini sijafika, kwa sababu sauti yangu ina mkwaruzo.

Wiki iliyopita nimekabidhiwa bibi mpya. Anaishi Kipumbwi, Pangani. Mumewe alikuwa mvuvi wa dagaa, amefariki, bibi kabaki na mjukuu wa miaka minane. Nilifurahi, maana nimelelewa na bibi wa pwani hiyo hiyo. Nikafungua mswada, na maneno ya kwanza kabisa ya bibi kwa mjukuu wake ni haya:

"Mjukuu wangu, tangu babu yako alipofariki nimekuwa nikipitia kipindi kigumu. Nahitaji muda wa kutafakari hisia zangu na kukabiliana na changamoto ya upweke."

Mjukuu anamjibu: "Pole bibi. Kumbuka kwamba hauko peke yako katika changamoto hii."

Mtoto wa miaka minane! Jamani, nani kati yenu amewahi kuongea hivyo na bibi yake? Nikachukua kalamu nikaanza kuhesabu. Katika sehemu nane, neno "changamoto" limetamkwa mara 31. Kalitamka bibi, kalitamka mjukuu, kalitamka mganga, kalitamka nahodha wa mashua, kalitamka kijana mvuta bangi wa pale gengeni. Wote mdomo mmoja. Ukiwafumba macho wasikilizaji utadhani ni mtu mmoja kalewa anajibizana na nafsi yake.

Ngoja niwaambie bibi yangu alivyofiwa, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Babu alifariki nikiwa darasa la sita. Bibi akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Siku aliyotoka watu walijaa, akapokea mikono yote, akajibu pole zote, akacheka hata na mashoga zake. Wageni walipotawanyika akatoka barazani, akakitazama kiti cha babu, kile cha kamba alichokuwa akikalia kila siku akingojea maghribi. Akamwambia mjomba: "Kitoeni hicho, kinanizuilia njia."

Kiti kilikuwa pembeni kabisa. Hakikumzuilia mtu njia.

Wiki haikuisha akamwita tena mjomba: "Kile kiti mmekitupa wapi? Mvua itakinyeshea."

Basi. Aliishi miaka tisa baada ya pale, na sikuwahi kumsikia akitamka neno upweke. Lakini mimi, mtoto, nilijua. Mjomba alijua. Kiti kilirudi barazani na hakuna aliyekikalia mpaka naye alipoondoka. Sasa nieleze mimi nikasimame mbele ya maiki, nikiwa na bibi yule kifuani, niseme "natafakari hisia zangu." Koo linakataa, wakuu.

Kwenye kitabu angalau msomaji anajua ni nani aliyesema. Redioni msikilizaji anaosha vyombo, au yuko ndani ya daladala, watoto wanapiga kelele. Hana kingine cha kumtambulisha mtu zaidi ya namna mtu huyo anavyosema. Waandishi wetu wanalijua tatizo hilo, na dawa waliyoipata ni kututajisha majina: "Kama unavyojua, Juma mdogo wangu, sisi tumezaliwa wawili tu." Juma hajui kwamba wamezaliwa wawili? Ndugu gani anamkumbusha ndugu yake idadi ya watoto wa mama yao?

Na si kwamba jambo hili ni gumu kiasi hicho. Chukua tukio dogo kabisa, mtu kaombwa pesa na hataki kutoa. Katika miswada ninayoletewa, kila mhusika atasema "samahani, kwa sasa sina pesa." Nendeni mkasikilize watu.

Bodaboda atakwambia: "Kaka, hata hesabu ya bosi haijatimia, na mafuta nimejaza ya jero."

Mama ntilie hatasema kitu. Atasukuma daftari la madeni mbele yako: "Soma mwenyewe, jina lako limo mara ngapi."

Mwalimu mstaafu: "Nilikwambia mwisho wa mwezi. Leo tarehe ngapi?"

Na mzee wa Kipumbwi, mume wa bibi yangu huyu kama angekuwa hai, angetazama juu akasema: "Mwezi unang'aa mno, mwanangu. Ngoja giza."

Msikilizaji wa Pangani anaelewa papo hapo. Dagaa huvuliwa kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa hazivuti kitu, mashua zinalala pwani, mifuko mitupu. Mzee amekataa na hakumvunjia mtu heshima. Ametaja kazi yake, na amekupa tarehe ya kurudi. Kwa maneno machache hayo nishajua ni nani, anaamka saa ngapi, na ana adabu gani. Hapo sijahitaji lafudhi yoyote.

Maana lafudhi ndilo kosa la pili, na hili linaniudhi kuliko la kwanza. Mwandishi akiambiwa wahusika wake wanafanana, anakimbilia kuwabadilisha ndimi. Mkurya anapewa "rakini". Mzanzibari anapewa "yakhe" tatu kwenye kila sentensi. Mtu wa Mombasa anaambiwa aseme "mato" na "ndia" sentensi moja, inayofuata anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari wa Dar es Salaam. Mkongo anapewa "batoto" na hapo kazi imeisha. Mhaya lazima ajisifu, Mchaga lazima ahesabu pesa. Ukivua lafudhi hizo, ndani yake ni yule yule mtu mmoja mwenye changamoto zake.

Mtaani kwetu kuna mlinzi Mmasai, yupo mwaka wa sita sasa. Usiku husikiliza redio, ile ndogo ya betri, na mchezo wetu mwingine, ulioanza kabla ya huu wa Kipumbwi, haukosi. Kiswahili chake kimenyooka, haongei sana, na ukipita saa nane usiku haulizi unatoka wapi, anauliza kama umekula. Siku moja akanisimamisha: "Dada, yule mlinzi wenu wa redioni anaitwa nani?"

Nikafungua kinywa nikakosa la kujibu. Kwenye mswada ameandikwa MLINZI. Kazi yake ni kusema "yero" na kuogopa lifti. Sehemu 26 zimerushwa hewani, na hana jina. Huyu mwanamume ana mama yake, ana watoto, ana ng'ombe anaowajua mmoja mmoja, anakaa kwenye baridi usiku kucha akisikiliza mtu anayeitwa kwa kazi yake akichekwa. Nilipita getini nikiwa na aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Halafu kuna suala la nani anaongea na nani, ambalo waandishi wengi hawaligusi kabisa. Mtu hana sauti moja. Huyo huyo kijana anayesema "oya mwanangu" kijiweni, akiingia kwa mama mkwe sauti inashuka, "shikamoo" inatangulia, mikono inakosa pa kukaa. Mwaka juzi nilipewa mchezo wa Rungwe. Bi harusi wa Kinyakyusa, siku ya tatu ya ndoa, anasimama uso kwa uso na baba mkwe wake na kumgombeza kuhusu shamba. Kwa mila ya Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe wake hawakuruhusiwa hata kukutana njiani, mmoja alijificha mwenzake apite! Kama mwandishi anataka kuonyesha msichana aliyeasi mila, sawa, lakini basi kijiji kitikisike. Pale hakuna aliyeshtuka. Mwandishi hakujua tu. Na amepoteza mchezo mzima uliokuwa mikononi mwake: watu wawili wanaochukiana, ua mmoja, hawawezi kusemezana, kila tusi lazima lipitie kwa mtoto mdogo anayetumwa huku na huku, na mtoto anapunguza maneno njiani kwa sababu anawapenda wote wawili. Ningelipwa nusu nikaigiza hiyo.

Vivyo hivyo kwa wanawake wa pwani. Mwanamke anaweza kumjibu jirani kwa jina la kanga na mdomo wake haukufunguka. Redioni kanga haionekani, kweli, lakini si kuna shoga yake pembeni wa kuisoma kwa sauti na kuguna? Hiyo ni kazi ya mwandishi.

Nikilalamika studio naambiwa: "Dada, mfadhili anataka ujumbe ufike." Ujumbe! Ujumbe gani unafika kwenye mdomo wa mtu asiyekuwepo? Wenye umri wangu mnakumbuka Redio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993. Ule nao ulikuwa na ujumbe, uzazi wa mpango na ukimwi, na ulitungwa kwa kusudi hilo. Dodoma hata haukurushwa mpaka 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Lakini nani anakumbuka ujumbe? Watu wanamkumbuka Mkwaju. Dereva wa lori, mpenda wanawake, na Tunu mkewe nyumbani. Shangazi yangu alikuwa akiitukana redio, hasa, kwa kidole, akimwita Mkwaju mshenzi, na kesho yake saa ikifika anatufukuza tunyamaze amsikilize. Mkwaju aliwekwa awe onyo, lakini kwanza alikuwa mtu, ndiyo maana onyo lilisikika. Hakuna aliyewahi kuitukana redio kwa sababu ya MHUSIKA C anayesema "ni muhimu wanajamii tukashirikiana."

*

Naongeza, maana nimeona majibu hapo chini.

Kuna mkuu ameandika kwamba waandishi wanalipwa kidogo na wanapewa siku kumi kuandika sehemu kumi na tatu. Ni kweli, najua, na sisi tunalipwa kidogo vile vile. Lakini mkuu, "Ngoja giza" ni maneno mawili. "Nahitaji muda wa kutafakari hisia zangu na kukabiliana na changamoto ya upweke" ni kumi na mawili. Kipi kinachukua muda zaidi kuandika?

Mwingine kasema Kiswahili lazima kiwe sanifu ili msikilizaji wa Kigoma na wa Mtwara wote waelewe. Sijasema tuandike lahaja ambayo nusu ya nchi haiijui. "Kitoeni hicho, kinanizuilia njia" ni Kiswahili sanifu kabisa, hakuna wa Kigoma atakayeomba tafsiri. Tatizo si usanifu. Tatizo ni kwamba mwandishi hajakaa na bibi yeyote akamsikiliza, kakaa na ripoti.

Na wewe uliyeuliza "sasa tufanyeje", nakujibu kwa heshima kwa sababu umeuliza kwa nia njema. Kabla hujamwandikia mtu neno moja, jua anamdai nani na anadaiwa na nani. Jua kitu ambacho hawezi kukitamka hata ukimshika koo, halafu muweke pale ambapo kitu hicho ndicho kinachotakiwa kusemwa. Jua anahesabu siku kwa kitu gani: kwa mshahara, kwa bamvua, kwa mitihani, kwa tarehe ya marejesho ya kikoba. Na soma kwa sauti, wewe mwenyewe, chumbani. Mahali ulimi wako unapojikwaa, wangu nao utajikwaa, na mimi nitakuwa mbele ya watu.

Jumanne tunarekodi sehemu ya tisa. Mjukuu ameumwa, kapelekwa zahanati, bibi anakaa nje kwenye benchi na muuguzi anamuuliza kama ana mtu wa kumsaidia nyumbani. Nimeandikiwa hivi: "Hapana, nakabiliwa na changamoto nyingi kama mjane."

Nimemwambia mwongozaji sitaisoma. Kasema tutaangalia. Nimejiandikia yangu kwenye kipande cha karatasi na nitakwenda nayo: "Yupo mwenyewe, katoka kidogo." Kisha ninyamaze, maiki ikiwa wazi, mpaka fundi mitambo aone vyema kukata.