Kituo chetu eti kiko kwenye SWICHI YA TAA!!!

Abiria_wa_Pembeni (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kwenye ule mkutano saa moja iliyopita na bado naandika mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimerukwa mjue ni hasira, simu yangu nzima.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa kalamu ya mwanga, anayeanza kila sentensi na "kitaalamu". Ukienda mkutano wowote unaohusu usafiri unamkuta ameshafika, kipaza sauti amekishika kama urithi wa babu yake.

Mada ilikuwa ileile: huku pembezoni tuchimbiwe treni ya chini ya ardhi, au tupewe reli nyepesi, yaani tramu iliyokwenda shule. Ramani ikawekwa kwenye turubai. Natafuta mtaa wetu, siuoni. Nainua miwani, nashusha miwani. Kumbe mtaa wetu wote, na watoto wetu na mabati yetu, umefunikwa na kile kisanduku cha ufunguo wa ramani! Tunaishi chini ya maandishi "njia iliyopendekezwa".

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu yote niliyofundwa nyumbani: "Samahani, kituo chetu sisi kitakuwa wapi?"

Hakujibu. Akawasha kalamu. Ile nukta nyekundu ikatembea kwenye mstari, ikapita kituo cha mwisho, ikatoka nje ya turubai, ikapanda ukutani, ikaenda kutulia kwenye swichi ya taa. Akasema: "Kwa makadirio, hapa."

UKUMBI MZIMA UKACHEKA. Hata mlinzi wa mlangoni. Hata yule mama aliyekuwa amelala tangu sala ya ufunguzi, aliamka akacheka, akalala tena.

Halafu eti reli nyepesi inatutosha maana huku tuko wachache. Wachache! Basi la asubuhi nasimama kwa mguu mmoja, wa pili naukuta kwa abiria mwingine tukishashuka. Anasema handaki ni ghali mara kadhaa kuliko reli ya juu. Sawa. Wa katikati walipochimbiwa, kikokotoo kilikuwa wapi?

Lakini hata hayo ningemsamehe. Ile nukta, wakuu. Haikwenda haraka. Ilikwenda polepole, kama inatafuta namba ya nyumba. Mpaka kwenye SWICHI.

NimekaaPale

Siti ya mbele. Endeleeni.

Fundi_Waya

Mleta uzi, swali la kiufundi: swichi ilikuwa imewashwa au imezimwa? Kama imezimwa kituo chenu hakina umeme, na reli nyepesi haitafika. Dai treni ya makaa.

Binti_Reli

"Kituo kinachofuata, Swichi. Abiria wa Swichi tafadhali jiandaeni kushuka, na mzime taa." Nimecheka mpaka bosi kageuka.

Mzee_Mataruma

Tusaidiane kidogo, maana naona watu wanagombania shimo. Tofauti kubwa si juu au chini. Zaidi ya nusu ya njia za London Underground, ile treni ya London inayoitwa ya "chini ya ardhi", ziko juu ya ardhi, jina limewadanganya. Na reli nyepesi nayo inaweza kupita handakini. Cha kuuliza ni nani anaizuia njiani. Metro, yaani hiyo mnayoiita treni ya chini, ina njia yake peke yake, haikutani na gari wala mkokoteni, ndiyo maana inaweza kuja kila dakika mbili na mabehewa marefu. Reli nyepesi ikilazwa katikati ya barabara inangoja taa nyekundu kama sisi, labda taa zifundishwe kuipisha.

Ila upande wa pili: kituo cha tramu ni jukwaa tu, unashuka umefika. Kituo cha chini ni shimo lenye ngazi, lifti, mafeni na njia za dharura. Bei ikipanda, cha kwanza kukatwa ni vituo. Unaweza ukaipata hiyo treni yako ya heshima, halafu ukapanda basi kuifuata.

Abiria_wa_Pembeni

Mzee hujasoma uzi. Nimesema SWICHI.

Kaka_Tiketi

Anachosema Mzee kawaulizeni Scarborough, kule Toronto, Kanada. Walikuwa na mpango wa reli nyepesi ya vituo saba, na serikali ya jimbo imeshakubali kulipa. 2013 madiwani wakageuza, wanataka treni ya chini. Vituo vikawa vitatu. 2016 vikabaki KIMOJA. 2019 jimbo likaingilia, vikarudi vitatu. Huku wanabishana, treni yao ya zamani ya tangu 1985 inazidi kuchakaa. Julai 2023 behewa la nyuma likachomoka na kuacha reli, na njia nzima haikufunguliwa tena. Wakapewa nini? Basi.

Kwa hiyo Bi Swichi, lishike hilo basi lako vizuri.

Handaki_Kwanza

Mbona unasema nusu? Hapohapo Toronto reli nyepesi ya Eglinton ilianza kujengwa 2011, ikaahidiwa 2020, na mpaka 2024 inaisha watu walikuwa bado wanazunguka uzio. Na sehemu kubwa ya hiyo "nyepesi" imechimbiwa chini! Wamepata gharama ya shimo na jina la tramu.

Halafu nani alitafsiri "nyepesi"? Mtu akisikia nyepesi anadhani upepo utaibeba.

Kaka_Tiketi

Nyepesi si uzito wa chuma, ni uwezo wa kubeba abiria.

Handaki_Kwanza

Basi waiite reli ya wachache, tujue tumetukanwa.

Mpita_Njia

Addis Ababa walifungua yao 2015, njia mbili. Wenzetu walianza vizuri, baadaye treni nyingi zikalala kwa kukosa vipuri. Juu au chini, kama hakuna wa kuitengeneza unakaa tu kituoni unaangalia reli. Nimepita.

Msema_Kweli

Hii chai. Nukta ya kalamu ya mwanga kwenye swichi nyeupe huku taa zinawaka, nani aliiona? Lete picha.

Abiria_wa_Pembeni

Niliiona MIMI. Taa zilikuwa zimezimwa ili ramani ionekane! Nukta ilikuwa inang'aa kama jicho la paka! Na alipomaliza aliizungushazungusha pale kwenye swichi, mara mbili, kama mtu anayekoroga uji!!

Fundi_Waya

Kwa hiyo ilikuwa imezimwa. Nilijua. Treni ya makaa.

Dada_Ngazi

Nyie mnaolilia ya chini mnanichekesha. Mimi kituo cha chini ninacho. Ngazi za umeme zimekufa, kibao cha "matengenezo yanaendelea" kimeanza kupauka. Napanda ngazi 94 kila siku. Nikifika juu nimesahau nilikuwa naenda wapi. Nipeni swichi yenu mchukue shimo langu.

Binti_Reli

Bora zako zimekufa. Zetu zinafanya kazi ila watu wanasimama upande wa kupita. Unamwambia samahani, anakuangalia kama umeomba figo.

Msema_Kweli

Mwenye haraka angeamka mapema. Ngazi ya umeme si uwanja wa mbio.

Mzee_Mataruma

Na kwa taarifa yenu, London walijaribu pale kituo cha Holborn mwaka 2015: wote msimame, pande zote mbili, hakuna kupita. Ngazi ikapandisha watu wengi zaidi. Foleni inayosababishwa na wenye haraka ni kubwa kuliko haraka yao.

Binti_Reli

Mzee usinivuruge. Anayesimama katikati na mpenzi wake wameshikana mikono naye anaongeza abiria?

Dada_Ngazi

Hao wa mapenzi wana afadhali. Kuna anayefika mwisho wa ngazi ANASIMAMA kusoma ujumbe. Nyuma tunarundikana kama magunia.

NimekaaPale

Wa begi la mgongoni je? Hamjamtaja.

Kaka_Tiketi

Wa begi ni tatizo la kitaifa. Akigeuka kidogo ameshafagia watu watatu.

Abiria_wa_Pembeni

Wa begi msiniambie. Juzi mmoja kasikia jina lake, kageuka ghafla, ndoano ya begi ikanasa kwenye kitambaa changu cha kichwani. Akashuka nacho. Milango ikafunga. Nakiona kinakwenda zake, na yeye hajui.

Binti_Reli

Hahaha kilikuwa cha rangi gani?

Abiria_wa_Pembeni

Kijani, kina vidoti. Alishukia kituo cha tatu kutoka mwisho, kama kuna aliyekiona.