Mfuko unasema protini 20, kuku migongo mitupu. Tudai nini?

Mleta mada, Kivule
Wakuu, nafuga broila 300, mwaka wa sita sasa. Batchi iliyopita nilinunua chakula cha bei nafuu, lebo inasema protini ghafi asilimia 20, mimea tupu, hakuna dagaa. Siku ya 24 naingia bandani alfajiri, macho yanawasha kwa hewa ya maranda. Kuku mgongo wazi, mabawa kama fagio lililochakaa, wameshaanza kudonoana mikia. Siku ya 35 mzani ukasoma kilo moja na robo. Mnunuzi kutoka Shekilango aliwaangalia, akacheka, akaondoka.

Batchi iliyofuata nikachanganya mwenyewe, mimea tupu vilevile: mahindi, soya iliyokaangwa, mashudu ya alizeti kidogo, premiksi (vitamini na madini), na kwa kila kilo 100 nikatia methionini gramu 250 na laisini gramu 200, hizi ni asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. Wakatoka na kilo 1.9, manyoya yamejaa. Kwa hiyo sina ugomvi na mimea. Ugomvi wangu ni ile namba ya 20.

Maabara haioni protini, inapima nitrojeni kisha inazidisha kwa 6.25. Ndiyo mlango waliopitia wale wa China waliotia melamini kwenye maziwa, kashfa ikalipuka 2008: nitrojeni tele, protini hamna. Hata bila udanganyifu, protini si kitu kimoja. Fundi akiwa na kitambaa cha mashati 40 na vifungo vya mashati 10, atakabidhi mashati 10. Kwa broila wa mahindi na soya kifungo kinachoisha kwanza ni methionini, kisha laisini, kisha threonini. Manyoya yanajengwa kwa asidi amino zenye salfa, methionini ikipungua mgongo unabaki wazi. Kitambaa kilichobaki kuku hawezi kukiweka kabatini. Anakivunja, nitrojeni inatoka na kinyesi, na hiyo ndiyo amonia inayotutoa machozi.

Sasa tazameni. Katika gramu 100 za protini ya soya laisini ni kama 6. Ya alizeti, 3 na nusu. Ya mahindi, karibu 3. Mwenye kinu akijazia mashudu ya alizeti, lebo inabaki vilevile, kuku hawabaki vilevile. Mwongozo wa Baraza la Utafiti la Marekani wa 1994, ambao wengi bado wanauanzia, unataka wiki tatu za kwanza protini asilimia 23, laisini 1.1, methionini 0.5. Sheria yetu ya malisho na vyakula vya mifugo ipo tangu 2010. Viwanda vilazimishwe kuandika laisini na methionini kwenye mfuko. Mnasemaje?

Mfugaji, Chanika
Pole mkuu, ila unazunguka mbuyu. Tia dagaa. Dagaa wa Mwanza ana methionini na laisini zote, mzee wangu alifuga hivyo na hakujua hata hayo majina. Hizo poda ndizo zinazofanya watu waseme kuku wa kisasa ni kuku wa dawa.

Mkaanga chipsi, Sinza
Sifugi, nanunua. Kuku aliyelishwa dagaa hadi siku ya mwisho namjua akigusa mafuta tu. Wateja wanauliza kama nimekaanga samaki.

Afisa mifugo mstaafu, Temeke
Wa Chanika, dagaa mzuri simkatai, ila aondolewe wiki mbili kabla ya kuuza. Lakini chukua kiganja kimoja cha dagaa wako, saga, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika tano. Uangalie chini.

Kuhusu dawa: laisini inatengenezwa na bakteria wanaolishwa sukari, Corynebacterium glutamicum, aliyegunduliwa Japani miaka ya 1950. Methionini kwa kawaida inatoka kiwandani kwa njia ya kemia. Zote mbili ni asidi amino zilezile zilizomo kwenye nyama na mayai. Si homoni.

Na wewe mleta mada usijipigie makofi mapema. Umebadilisha soya, mashudu na poda kwa wakati mmoja. Unajuaje kilichokuokoa ni methionini? Huenda chakula cha kwanza kilikuwa na soya mbichi. Ile ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini, kuku anakula na protini inapita tu.

Mleta mada, Kivule
Hapo umenishika, shikamoo mzee. Kweli sijui. Ila ona, hata wewe unabaki kubahatisha kwa sababu mfuko haukusema.

Mfugaji, Kitunda
Mbona Ulaya kwenye kilimo hai wamepiga marufuku methionini ya kiwandani?

Afisa mifugo mstaafu, Temeke
Kwenye kilimo hai, ndiyo, kwa sababu imetengenezwa kiwandani, si kwa sababu inadhuru. Wamarekani kwenye kilimo hai hichohicho wanaruhusu kwa wastani hadi ratili 2 na nusu kwa tani ya chakula cha broila, maana walishindwa kuiacha. Na kuku wa kawaida wa Ulaya anaila kila siku.

Mwenye kinu, Mbagala
Nimewasoma. Mnataka niandike asilimia ya laisini. Leo mashudu yametoka Singida, kesho Dodoma, gari moja limekamuliwa vizuri, jingine lina maganda matupu. Nipime kila gari? Kipimo cha asidi amino si cha bei ya kinu cha mtaani. Mkilazimisha, watabaki wakubwa wawili watatu, na bei mtaiona.

Mleta mada, Kivule
Hoja nzito, naipokea. Basi usiandike asilimia. Andika umetia kilo ngapi za methionini na laisini kwa tani. Hiyo unaijua bila maabara, uliinunua wewe.

Mwenye kinu, Mbagala
Hiyo naweza. Ila jirani yangu ataandika kilo mbili na ndani hamna hata harufu.

Afisa mifugo mstaafu, Temeke
Ukifungua mfuko wa methionini yenyewe inanuka kama kabichi iliyooza. Kwenye chakula kilichochanganywa pua haitakusaidia. Hapo ndipo mkaguzi anapotakiwa: adai risiti za poda na alinganishe na tani zilizouzwa.

Mfugaji, Chanika
Nimefanya ile ya glasi. Mchanga unene wa kidole. Kilo nimelipia bei ya dagaa.